Daudi Zakayo Kivuli: Msomaji Aliyegeuzwa

Mwaka wa 1932 Kakamega ilivuma kwa dhahabu. Madini hayo yalikuwa yamegunduliwa mwaka uliotangulia, na wachimbaji wa Kizungu wakafurika katika mashamba ya Waluhya. Kabla ya mwaka huo kwisha, serikali ya kikoloni ilikuwa imeirekebisha sheria ya mwaka wa 1930 iliyolinda ardhi za wenyeji, ili machimbo yapate nafasi. Mwaka uo huo, kusini zaidi, huko Nyang'ori, msimamizi wa shule za misheni alishukiwa na Roho Mtakatifu, na tangu hapo hakuwa mtu yule yule. Nyang'ori ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega. Leo imo katika Kaunti ya Vihiga.

Daudi Zakayo Kivuli alizaliwa mwaka wa 1896. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba neema haikumkuta nje ya dini. Tangu mwaka wa 1925 alikuwa akisimamia shule za misheni ya Wapentekoste kutoka Kanada. Katika lugha kadhaa za magharibi mwa Kenya wakati ule, kuitwa msomaji kulikuwa sawa na kuitwa Mkristo: kitabu na wokovu vilishikwa kwa mkono mmoja. Kwa kipimo hicho Kivuli alikuwa amekwisha kufika. Yaliyompata mwaka wa 1932 yalionyesha kwamba mtu aweza kuhitimu usomaji na moyo wake ukabaki pale pale.

Moto huo haukuanza kwake. Mwaka wa 1927, katika misheni ya Marafiki huko Kaimosi, mahubiri ya Arthur Chilson yaliwafanya watu walie na kuungama dhambi zao mbele ya wenzao, na baadaye wengine wao wakatengwa na kanisa. Naye Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana huko Musanda, katika nchi ya Wanga, aliuawa Januari 1934 nyumba yake ilipochomwa moto. Katika kifo hicho imani ilichanganyika na ugomvi wa ardhi baina ya Waluo na Wanga, wala si rahisi kuvitenganisha.

Kivuli hakukimbilia kujitenga. Kwa takriban miaka kumi alihubiri na kuwaombea wagonjwa, akipita vijijini, akiwa bado mtu wa misheni. Ni mwaka wa 1942 tu ambapo alianzisha kanisa la African Israel Church Nineveh. Jina hilo lina uzito wake. Ninawi, kama Biblia ya Kiswahili inavyouita, ni mji ambao watu wake walitubu, mfalme akishuka kitini pake na kuketi majivuni. Kivuli angeweza kuchagua Yerusalemu, mji wa wateule; akauchagua mji wa watu waliosamehewa.

Toba hiyo ilionekana kwa macho. Waumini waliungama makosa yao hadharani, wakavaa kanzu nyeupe na vilemba, wakaandamana barabarani kwa ngoma, bendera na nyimbo. Pombe na tumbaku zilikatazwa. Katazo hili si dogo kama linavyoonekana leo, kwani chungu cha busaa ndicho kilichowakutanisha wazee, kila mmoja na mrija wake. Aliyekiacha aliacha pia nafasi yake katika baraza. Ungamo nalo lilikuwa na gharama yake: aliyekiri wizi mbele ya jirani aliyemwibia alipaswa kuendelea kuishi naye. Haikuwa toba ya siku moja, bali ya kurudiwa, kana kwamba kanisa zima lilikubali kwamba aliyegeuzwa jana aweza kupinda leo. Katika maandamano hayo Waluhya na Waluo walitembea pamoja, miaka michache tu baada ya Musanda.

Wengi waliwaona kuwa watu wa kelele. Hata hivyo, wasomi walianza kuwatazama kwa makini: F. B. Welbourn na Bethwell Ogot walilichunguza kanisa hili katika kitabu chao cha mwaka wa 1966, na mwaka wa 1975 lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Kivuli hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka wa 1974, na kiti chake kikakaliwa na mjane wake, Rebeka Jumba, aliyeliongoza kanisa hadi mwaka wa 1983, alipompisha mjukuu wao.