SAYYIDNA UMAR BIN KHATTAB (R.A.): KIONGOZI ALIYEWAFIKIRIA HATA WASIOZALIWA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu waheshimiwa, mara hii tumechagua kukuleteeni maisha ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), na tuna sababu. Ni nyumba chache zisizojua ugomvi wa haki na matakwa. Mzee anafariki, anaacha shamba. Mafungu ya mirathi yanajulikana, hayo Allah ameshayapanga. Lakini kaka mkubwa anataka liuzwe wagawane pesa, mdogo anataka lilimwe, dada aliyeolewa mbali hata hajaulizwa, na mayatima wa marehemu ndugu yao hawana wa kuwasemea. Kila mmoja ana hoja yake. Basi tuamue vipi? Tumtazame Sayyidna Umar, ambaye alikutana na jambo la namna hiyo, tena kubwa zaidi.

KUZALIWA NA KUSILIMU KWAKE

Sayyidna Umar alizaliwa Makka, takriban miaka 13 baada ya Mwaka wa Tembo, katika ukoo wa Bani Adi wa Makuraishi. Inasimuliwa kuwa ukoo wake ndio uliokuwa ukitumwa kwenda kusema na makabila mengine palipotokea mzozo. Kwa hiyo tangu ujana wake aliona jinsi watu wanavyovutana. Alikuwa mtu wa nguvu na mwenye hasira, na mwanzoni aliupinga Uislamu vikali. Alisilimu mnamo mwaka wa sita wa utume, na Waislamu wakapata nguvu kwa kusilimu kwake.

Alishika ukhalifa mwaka 13 Hijria (634), baada ya kufariki Sayyidna Abubakar (R.A.). Akaongoza kwa muda wa miaka 10.

MZOZO WA ARDHI YA IRAQ

Mnamo mwaka 15 Hijria (636) jeshi la Saad bin Abi Waqqas (R.A.) lilishinda vita vya Qadisiyya, na ardhi ya Iraq ikaingia mikononi mwa Waislamu. Ardhi hiyo ilikuwa baina ya mito miwili, Dijla na Furati, yenye mifereji, mitende na ngano. Ikaitwa Sawad, yaani weusi, kwa wingi wa mimea yake. Huko Sham nako ardhi kubwa ilifunguliwa.

Hapo likazuka swali: ardhi hii ni ya nani? Wapiganaji walitaka igawanywe kama ngawira, khumsi itolewe na mafungu manne yaliyobaki wapewe wao. Na hawakuwa watu wa tamaa tupu. Walijitoa roho zao, na walijua kuwa Mtume (S.A.W.) aliwahi kuigawa ardhi ya Khaibar. Miongoni mwa waliosimama upande huo walikuwamo Abdurrahman bin Auf, Zubeir bin Awwam na Bilal bin Rabah (R.A.).

Sayyidna Umar aliona vingine. Aliuliza: ikigawanywa yote leo, watakaokuja baadaye watakuta nini? Mipaka italindwa kwa mali gani? Wajane na mayatima watalishwa na nani? Sayyidna Uthman, Sayyidna Ali na Talha (R.A.) waliona kama yeye.

Tuzingatie hapa, ndugu zetu. Yeye ndiye Amirul-Muuminina. Angeweza kutoa amri na mambo yakaisha. Lakini watu walianza kusema kuwa anawadhulumu haki yao, na jambo hilo lilimuumiza. Akaita watu 10 katika wakubwa wa Ansari, watano wa Aus na watano wa Khazraj. Akawaambia kuwa katika jambo hili yeye ni mmoja kama wao, anayetaka kukubaliana naye akubali na anayetaka kumpinga ampinge, wala hataki wayafuate matamanio yake. Kisha akaweka hoja za pande zote mbili.

Mjadala uliendelea kwa siku kadhaa. Mwisho Sayyidna Umar akapata hoja katika Suratul Hashri, kuanzia aya ya 7 hadi ya 10. Aya hizo zinaeleza mali isizunguke baina ya matajiri tu, zikawataja Muhajirina, kisha Ansari, kisha wale watakaokuja baada yao. Akasema kuwa kama Allah amewatia ndani waliokuwa bado kuja, vipi yeye awatoe? Watu wakaridhika.

Ardhi ikabaki mikononi mwa wakulima wenyewe, nao wakatozwa kharaji kila mwaka. Uthman bin Hunaif (R.A.) alitumwa kuipima. Wapiganaji hawakuachwa mikono mitupu. Ngawira za kubebeka waligawiwa, na baadaye wakaandikiwa posho katika daftari la dola.

KATIKA NYUMBA YAKE MWENYEWE

Ni rahisi kuwa mwadilifu katika mali ya watu wengine. Mtihani ni pale linapoingia jina la mwanao. Posho zilipopangwa, Sayyidna Umar alimwandikia Usama bin Zaid (R.A.) dirham 3,500, na mwanawe Abdullah (R.A.) akamwandikia 3,000. Abdullah akamuuliza baba yake kwa nini, naye hakuona kuwa Usama amemtangulia katika vita vyovyote. Baba akamjibu kuwa Zaid alipendwa na Mtume (S.A.W.) kuliko Umar, na Usama alipendwa kuliko Abdullah. Basi yeye ametanguliza kipenzi cha Mtume mbele ya kipenzi chake.

SAFARI YA SHAM NA TAUNI

Alipokuwa njiani kwenda Sham, alipofika Sargh alipata habari kuwa tauni imeingia huko. Aendelee au arudi? Akawaita Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikuraishi, wakakubaliana kuwa arudi na watu. Abu Ubaida (R.A.) hakupendezwa, akauliza vipi wataikimbia kadari ya Allah. Sayyidna Umar akamjibu kuwa wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kuikimbia kwa aliyekwisha kuwamo. Sayyidna Umar akamshukuru Allah, akarudi. Na Abdurrahman huyu ndiye aliyempinga katika suala la ardhi. Kupingana hakukuvunja udugu.

KUFARIKI KWAKE

Mwishoni mwa mwaka 23 Hijria (644) alichomwa jambia akisalisha Alfajiri mjini Madina. Akiwa kitandani aliwaachia maswahaba sita wamchague khalifa miongoni mwao: Uthman, Ali, Talha, Zubeir, Saad na Abdurrahman bin Auf. Mwanawe Abdullah alimruhusu ahudhurie, lakini asiwe na fungu katika uongozi. Aliyechaguliwa akawa Sayyidna Uthman (R.A.).

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Tuwasikilize kwanza wanaotupinga, kwani huenda nao wana haki. Umar hakuwaita wapinzani wake maadui.

2. Tutake shauri, kisha turejee katika dalili. Sauti kubwa si dalili.

3. Tujihadhari na nafsi zetu na watu wa nyumbani kwetu katika kuamua.

4. Tumtafute asiyekuwepo kikaoni. Hili ndilo kubwa. Umar alimsemea mtoto ambaye hata mama yake hajazaliwa. Nasi tunapokaa kuzungumzia shamba la marehemu, tumuulize dada aliye mbali, na tumsemee yatima asiyeweza kujisemea. Asiyekuwepo ana lake, na Allah ndiye Wakili wake.

Tunamuomba Allah (S.W.) amridhie Sayyidna Umar na maswahaba wote, na atujaalie uadilifu katika nyumba zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.