Willis Carrier: Mvumbuzi wa kiyoyozi aliyewasha kiberiti mbele ya mkuu wa usalama

Mwaka 1925, mhandisi Willis Carrier alikwenda kumwona mkuu wa usalama wa jiji la New York akiwa na kimiminika fulani. Akakimimina kwenye chombo, akawasha kiberiti, akatumbukiza njiti iliyokuwa inawaka.

Hakikulipuka. Kiliungua taratibu tu.

Carrier alikuwa anatafuta kibali. Ukumbi wa sinema wa Rivoli, pale Times Square, ulitaka kufungiwa mtambo wake wa kupooza hewa, lakini kanuni za jiji hazikuruhusu kimiminika kile, kilichoitwa dielene. Bila kibali, hakuna kazi.

Na jiji lilikuwa na sababu ya kuogopa. Mitambo mingi ya baridi ya wakati ule ilitumia amonia, na amonia ni sumu. Ivujie ndani ya ukumbi uliojaa watu, milango michache, giza: hapo si sinema tena, ni msiba.

Kibali kilitoka.

Hesabu za matofaa

Carrier alizaliwa 26 Novemba 1876 huko Angola. Si Angola ya Afrika, ni kijiji cha jimbo la New York. Shuleni hesabu za sehemu zilimshinda, mpaka mama yake alipomkatia matofaa: nusu, robo, thumuni. Mama huyo alifariki Willis akiwa bado mtoto.

Pesa za chuo hazikuwepo. Alifanya kazi, akafundisha shule, kisha akapata ufadhili wa Chuo Kikuu cha Cornell na kuhitimu mwaka 1901. Akaajiriwa Buffalo Forge, kampuni ya mitambo ya kupasha joto, kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki.

Mwaka uliofuata alipewa tatizo la kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms, Brooklyn. Unyevu wa hewa ulikuwa unazitanua na kuzinywesha karatasi, rangi zikawa haziangukii mahali pake. Carrier akapitisha hewa kwenye mabomba ya maji baridi ili kuupunguza unyevu ule.

Kwa hiyo kiyoyozi cha kisasa hakikuanza kwa ajili ya binadamu. Kilianza kwa ajili ya karatasi.

Hataza yake ilitoka mwaka 1906. Mwaka 1911 aliwasilisha kwa wahandisi wenzake kanuni za kukokotoa uhusiano wa joto na unyevu. Mwaka 1915 yeye na wenzake sita wakaanzisha kampuni yao kwa mtaji wa dola 32,600.

Siku ya Rivoli

Mwaka 1922 alionyesha mtambo mpya, mdogo kuliko ile ya zamani, uliotumia dielene badala ya amonia. Huo ndio uliofungwa Rivoli, na sinema ikafunguliwa mwishoni mwa Mei 1925.

Siku hiyo mambo nusura yaharibike. Mtambo ulichelewa kuwashwa, watu wakaingia na vipepeo vyao vya mkono, wakawa wanajipepea huku joto likiwatesa. Adolph Zukor, bosi mkubwa wa Paramount, alikuwa amekaa juu roshani akiangalia. Carrier na timu yake roho juu.

Halafu vipepeo vikaanza kutulia, kimoja baada ya kingine, vikabaki mapajani. Baada ya hapo sinema nyingi zikataka mtambo kama ule, na mwaka 1928 jengo la Milam, San Antonio, likawa ghorofa refu la ofisi lenye viyoyozi kote.

Carrier alifariki 7 Oktoba 1950, akiwa na miaka 73.

Mkaguzi bado yupo

Dielene nayo iliachwa. Zikaja gesi zisizowaka wala kuwa na sumu kali, kila mtu akashangilia, kumbe zilikuwa zinaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ndio ulioanza kuzibana.

Leo sheria haitazami moto peke yake. Nchini Uingereza, jengo lenye viyoyozi vyenye jumla ya zaidi ya kilowati 12 lazima likaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa angalau kila baada ya miaka mitano. Wenye majengo wengine huona ni usumbufu, lakini ripoti hiyo humwambia mwenye jengo umeme wake unapotelea wapi.

Mkaguzi hutazama mtambo unavyofanya kazi, na pia kama ukubwa wake unalingana na mahitaji ya jengo. Kujua mahitaji hayo kunahitaji hesabu za joto na unyevu, zilezile ambazo mtoto wa matofaa aliziweka mezani mwaka 1911.