Siti binti Saad na Mali Isiyo na Daftari

Marehemu Siti binti Saad hahitaji kutambulishwa kwa mtu wa mwambao. Alifariki dunia Julai 1950, na hata leo jina lake li midomoni mwa watu kana kwamba aliondoka jana. Lakini ni wachache miongoni mwetu walioketi wakajiuliza sauti ya mwanamke huyo ilisalimika vipi, ilhali sauti za waimbaji wengi wa zama zake zimezikwa pamoja nao. Jibu, ndugu msomaji, ni santuri. Na juu ya santuri, ni namba.

Wenzetu wa nchi kavu hawatalistaajabia jambo hili. Hapa Korbesa, upande wa Merti katika Isiolo, mfugaji wa Kiborana anajua maana ya alama. Chapa ya moto au mkato wa sikio humjulisha ajuaye kuisoma kuwa mnyama yule ni wa ukoo gani, hata akipotea mwendo wa siku nyingi. Mnyama asiye na alama huzua ugomvi kisimani. Nasi wa pwani tuna methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, mama yake wa asili ya Kizigua, na wote wawili walizaliwa Unguja. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa, nalo lilibeba habari zote za zama zile, kwani utumwa haukufutwa kisheria Unguja hadi 1897. Hakubahatika kwenda chuoni wala skuli. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa anachukua vyungu na kuvitembeza, akivinadi kwa sauti iliyowatangulia wateja kumtambua kabla hajafika mlangoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa chapa yake ya kwanza, na hakupewa na mtu.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhammed wa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa 1905, akamfunza kuimba kwa ala. Taarabu wakati huo ilikuwa burudani ya mabwana, ikiimbwa kwa Kiarabu tangu enzi ya Sayyid Barghash. Siti aliitoa barazani kwa mabwana akaileta kwa watu, kwa Kiswahili walichokielewa wote. Pamoja na wenziwe, akina Subeti bin Ambari, Mbaruk Talsam, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban, aliimba mapenzi, lakini pia aliimba dhuluma, hukumu za mahakamani na mwanamke aliyeonewa. Kwa heshima akaitwa Siti, yaani bibi mtukufu, na lile jina la Mtumwa likasahauliwa.

Hasidi hana sababu. Walitokea waliomtungia nyimbo za kumkejeli kwa asili yake na ukata aliokuja nao mjini. Hakuwatukana. Aliwajibu kwa wimbo uliowapima watu kwa akili zao, si kwa nasaba wala sura. Kejeli ile leo haitajwi ila kwa sababu ya jibu lake.

Mwaka 1928 yeye na wenziwe walipanda meli hadi Bombay, mji uitwao sasa Mumbai, kurekodi kwa kampuni ya gramafoni yenye chapa ya mbwa anayesikiliza buruji. Kazi haikuwa nyepesi. Upande mmoja wa santuri ya zama zile, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua muda wa dakika 3 hivi tu. Wimbo uliozoea kuchezwa usiku kucha, hadhira ikitunza na kuomba beti zirudiwe, ilibidi ukatwe kama kanga inayopimwa kwa pima fupi. Hata hivyo santuri hizo zilienea. Katika mikahawa ya mwambao na bara watu walikunywa kahawa ili wamsikilize Siti, na wengi walimjua kwa sauti kabla ya kumwona kwa macho.

Sasa tuitazame namba. Santuri ilikuwa na namba mbili: moja imechapwa kwenye karatasi ya katikati, ya kumsaidia muuzaji kuagiza, nyingine imechorwa kwenye sahani yenyewe, ikionyesha ni rekodi ipi. Karatasi ikichanika, ile ya pili hubaki. Kwa namba kama hizo watafiti wameweza kupanga upya kazi za kale, wakajua ipi ilitangulia na ipi ilifuata.

Lakini namba haikuwa haki daima. Kampuni za santuri zilipanga bidhaa zao kwa nchi na lugha, kila watu na fungu lao. Kule Marekani zilikwenda mbali zaidi. Kampuni ya Okeh, kuanzia 1921, iliziweka santuri za waimbaji weusi katika mfululizo wake wa 8000, na biashara nzima ikaitwa santuri za mbari. Namba peke yake ilikujulisha rangi ya mwimbaji. Ni mwezi Juni 1949, mwaka mmoja tu kabla ya Siti kufariki, gazeti la Billboard lilipoliacha jina lile na kuuita muziki huo rhythm and blues, ambao vijana wetu wanaufupisha R&B.

Siku hizi albamu ya R&B inatambuliwa kwa mistari myeusi na myeupe iitwayo msimbo pau. Mashine ya dukani ilisoma msimbo wa aina hiyo kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio, juu ya pakiti ya ubani wa kutafuna. Chini ya mistari huwa na tarakimu 12 kwa mtindo wa Marekani, au 13 kwa mtindo ulioenea kwingineko. Zikianza na 616, namba imetolewa Kenya. Zikianza na 620, Tanzania. Tarakimu ya mwisho ni ya kuzihakiki zilizotangulia. Albamu hiyo hiyo ikitoka kwa sahani ya plastiki na kwa CD, kila moja hupewa msimbo wake.

Hapa pana somo. Msimbo pau hutambua bidhaa, hautambui wimbo. Kwa rekodi ya wimbo kuna namba nyingine, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, iliyowekwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 1986. Na hata hiyo hutambua rekodi tu. Jina la mtunzi na haki yake lazima viandikwe pembeni. Kijana wa Isiolo anayeimba kwa Kiborana akiutoa wimbo wake bila namba na bila kuandikisha haki, amemwachia ndama malishoni bila alama. Atakayempiga chapa kwanza ndiye atakayemkama maziwa.

Siti hakujua kusoma namba zilizokuwa juu ya santuri zake. Bahati njema alimpata mwandishi. Shaaban Robert alionana naye siku zake za mwisho, akaandika wasifu wake. Kampuni ilihifadhi namba, Shaaban akahifadhi mtu. Bila ya kazi hiyo ya pili, tungekuwa na sauti nzuri isiyo na Fumba, isiyo na vyungu, isiyo na mama. Mwenyezi Mungu amrehemu Siti, na atupe nasi akili ya kuandika vya kwetu mapema.