Johann Ludwig Krapf

Johann Ludwig Krapf (Derendingen, 11 Januari 1810 – Korntal, 26 Novemba 1881) alikuwa mmisionari, msafiri na mwanaisimu Mjerumani kutoka Württemberg. Anajulikana hasa kama mtunzi wa sarufi na kamusi kubwa za mwanzo za Kiswahili, na kama Mzungu wa kwanza anayejulikana kuuona Mlima Kenya. Katika Tanzania ya leo anakumbukwa kwa safari zake mbili za Usambara, ambako alipokelewa na mfalme Kimweri ye Nyumbai.

Asili yake

Krapf alizaliwa katika familia ya wakulima Walutheri huko Derendingen, kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Tübingen kando ya mto Neckar. Wakati huo Württemberg ilikuwa ufalme unaojitegemea. Leo ni sehemu ya jimbo la Baden-Württemberg, ambalo mji wake mkuu ni Stuttgart.

Ilikuwa nchi ya vilima, mizabibu na mashamba madogo. Kwa desturi ya sehemu kubwa ya nchi hiyo, shamba la baba liligawanywa sawa kwa watoto wote, hivyo kila kizazi kilibaki na ardhi ndogo zaidi. Mwaka 1816 hakukuwa na kiangazi cha kawaida, mazao yaliharibika na njaa ikafuata. Watu wengi walihamia Urusi na Marekani. Wengine walijiunga na Upietisti, harakati ya Kilutheri iliyosisitiza sala, usomaji wa Biblia nyumbani na maisha ya kiasi. Mwaka 1819 serikali iliwaruhusu Wapietisti kuanzisha kijiji chao wenyewe, Korntal, karibu na Stuttgart, ili wasihame nchi. Kutoka mazingira hayo walitokea wamisionari wengi, wakiwemo wenzake wawili Krapf katika Afrika Mashariki: Johannes Rebmann wa Gerlingen na Jakob Erhardt wa Bönnigheim.

Elimu na Ethiopia

Krapf alisoma shule ya Kilatini mjini Tübingen, kisha chuo cha wamisionari cha Basel nchini Uswisi, na baadaye teolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Baada ya kuhudumu kwa muda kama msaidizi wa mchungaji alijiunga na CMS, shirika la misioni la Kianglikana la London, lililompeleka Ethiopia mwaka 1837. Alifanya kazi Adwa, kisha katika ufalme wa Shewa. Huko alijifunza Kiamhari na Kioromo, na alikusanya miswada ya Kige'ez ambayo baadhi yake ilipelekwa Tübingen. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich. Alipozuiwa kurudi Shewa, aliamua kuwafikia Waoromo kwa kupitia pwani ya kusini.

Mombasa na Rabai

Mwanzoni mwa mwaka 1844 Krapf alifika Unguja. Sultani Sayyid Said alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Krapf alichagua kukaa Mombasa. Miezi michache baadaye homa iliwashika yeye na mkewe. Rosine alijifungua binti, akafariki Julai 1844, na mtoto akafuata baada ya siku chache. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi hilo linatunzwa hadi leo.

Krapf hakuondoka. Mwaka 1846 aliungana na Rebmann, nao wakafungua kituo Rabai kati ya Wamijikenda. Kutoka hapo Rebmann aliuona Kilimanjaro mwezi Mei 1848. Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, nchi ya Wakamba. Habari za theluji karibu na ikweta zilikataliwa na baadhi ya wataalamu wa London ambao hawakuwahi kufika Afrika.

Safari yake ya pili ya Ukambani, mwaka 1851, nusura imgharimu maisha. Karibu na mto Tana msafara ulishambuliwa, na Kivoi, kiongozi wa Wakamba aliyekuwa mwenyeji wake, akauawa. Krapf alirudi peke yake kwa miguu, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki na mkoba wa ngozi wa darubini.

Safari za Usambara

Mwezi Julai 1848 Krapf aliondoka Rabai na wapagazi wachache kwenda Vuga, makao makuu ya Wasambaa, katika wilaya ya Lushoto ya leo. Alirudi huko mwaka 1852, safari hiyo akianzia Pangani.

Utawala wa Kimweri ulienea kutoka milimani hadi karibu na pwani ya Tanga na Pangani, ambako mamlaka yake yalikutana na yale ya Sultani wa Unguja. Krapf alivutiwa na utaratibu wa nchi hiyo: wakuu waliowekwa na mfalme katika kila eneo, kodi iliyokusanywa, na usalama wa msafiri njiani. Kimweri aliahidi kumpa mahali pa kufundishia.

Hata hivyo mabadiliko yalikuwa yameanza tambarare. Chini ya milima, upande wa kusini, ni bonde la mto Pangani, ulipo mji wa Korogwe leo. Na kusini zaidi ni Uzigua, yaani nchi ya Handeni. Wazigua walikuwa wamepata bunduki kwa biashara na pwani, na nguvu yao ilizidi kumtia Kimweri wasiwasi. Krapf aliliandika jambo hilo. Baada ya Kimweri kufariki katika miaka ya 1860, wanawe na wajukuu walipigana na ufalme ukagawanyika.

Kazi ya lugha

Krapf alianza kujifunza Kiswahili mara tu alipofika, akisaidiwa na wenyeji, miongoni mwao kadhi wa Mombasa. Mwaka 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Sarufi yake ilichapishwa Tübingen mwaka 1850, pamoja na orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki. Pia alipeleka Ujerumani miswada ya tenzi za Kiswahili, ukiwemo Utendi wa Tambuka, iliyohifadhiwa mjini Halle.

Kamusi yake ilitolewa London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Inafuata hasa Kimvita, na tahajia yake ni tofauti na ya leo, kwa kuwa Kiswahili sanifu kilijengwa baadaye juu ya Kiunguja. Lakini ndani yake mmehifadhiwa maneno, mifano ya sentensi na maelezo ya desturi ambayo mengine hayapatikani kwingine. Krapf alipendelea herufi za Kilatini badala ya za Kiarabu, ambazo Waswahili walikuwa wakizitumia kwa karne nyingi. Sababu yake ilikuwa ya kidini pia: alitaka kupunguza athari ya Uislamu, na maandishi yake kuhusu Waislamu mara nyingi hayakuwa ya haki.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1853 afya mbaya ilimrudisha Württemberg, akakaa Korntal. Kitabu cha safari zake kilitoka mwaka 1858. Mwaka 1862 alirudi kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, na mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Waingereza Ethiopia kama mkalimani. Alikutwa amefariki chumbani mwake, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Urithi

Kama mmisionari Krapf alibatiza watu wachache sana, na mpango wake wa kuweka mlolongo wa vituo kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika haukutimia. Kituo alichoahidiwa na Kimweri hakikujengwa naye. Wamisionari Walutheri wa Kijerumani walianza kazi Mlalo mwaka 1891.

Wajerumani waliomfuata hawakuja wote na vitabu. Mwaka 1884, miaka mitatu baada ya kifo chake, Carl Peters alipita Uzigua akiwatia saini machifu mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua, na mwaka 1902 reli kutoka Tanga ilifika Korogwe. Krapf hakuwa wakala wa koloni, lakini habari zake kuhusu milima, mito na tawala za bara zilikuwa zimeifanya nchi ijulikane Ulaya.

Kaburi lake liko Korntal, alikozikwa pia Rebmann. Huko Rabai kuna makumbusho ya kazi yao.