Mzee Cajal na Sapu Yangu

Muhula uliopita nilidakwa na sapu ya histolojia. Nikianguka tena, nadisko. Nikarudi nyumbani Mwadui na madaftari, na huko ndiko nilikomsoma Santiago Ramón y Cajal kwa kutulia.

Jamaa alizaliwa Hispania mwaka 1852, mtukutu kwelikweli, anataka kuchora tu. Baba yake, daktari, akampeleka kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu, wapi! Mwishowe akaenda naye makaburini kuokota mifupa ili aichore. Hapo dogo akanasa.

Alipelekwa Kuba kama daktari wa jeshi, akarudi na malaria (sisi tunamwelewa). Mwaka 1887 alionyeshwa mbinu ya Golgi ya kutia seli rangi kwa chumvi ya fedha. Ubongo wa mtu mzima umesongamana kama msitu, basi yeye akachukua wa vijusi na vichanga vya wanyama, akaona kila seli imejitenga. Golgi hakukubali. Mwaka 1906 wakagawana Nobel hivyohivyo, wamenuniana.

Juu kabisa ya gamba la ubongo mchanga alichora seli fulani zilizolala kifudifudi. Leo tunazitambua kwa protini yake, rilini, iliyogunduliwa mwaka 1995. Ndiyo huelekeza seli nyingine zijipange tabaka kwa tabaka. Ikikosekana, mtoto huzaliwa na ubongo usio na mikunjo ya kawaida.

Baba, mchekecha kokoto wa Maganzo, alielewa kabla yangu: almasi nayo hutafutwa kwa kufuata ganeti zinazoandamana nayo.

Cajal alifariki mwaka 1934, rilini hajaisikia. Sapu yangu ni Jumatatu.