Hans Wilsdorf, Bwana Aliyeizuia Saa Kuingia Maji

Ukipita Kisumu, barazani mwa maduka, utamkuta fundi wa saa na kimeza chake, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Aghalabu ugonjwa wa saa anazoletewa ni mmoja: zimeingia maji. Mji uko ukingoni mwa ziwa, na mvuvi wa Dunga hutia mikono majini mara ngapi kwa siku? Fundi huyo, ajue asijue, kila achaguapo chombo cha kufungulia saa huwa ameikuta kazi ya mtu aliyekufa zamani, Hans Wilsdorf.

Alizaliwa Kulmbach, Ujerumani, tarehe 22 Machi, 1881. Alikuwa bado mtoto wazazi wake wote wawili walipofariki, na jamaa zake wakampeleka shule ya bweni. Mwaka wa 1900 akaingia La Chaux-de-Fonds, Uswisi, akawa karani kwa Cuno Korten, wauza saa. Hakuwa fundi. Aliandika barua za Kiingereza, na kila siku akatia ufunguo mamia ya saa za mfukoni na kuangalia zaendaje. Naona huo ndio uliokuwa uanafunzi wake.

Mwaka wa 1903 alihamia London, na 1905 akafungua biashara pamoja na shemeji yake, Alfred Davis. Jina la Rolex aliliandikisha mwaka wa 1908. Siku hizo saa ya mkono ilidharauliwa, ikaitwa pambo la wanawake, na wajuzi walisema vumbi na unyevu vitaiua upesi. Mwaka wa 1919 akahamia Geneva, na hofu ile ya vumbi na maji haikumtoka.

Jibu lilikuja mwaka wa 1926: saa aliyoiita Oyster, yaani chaza, na sisi watu wa pwani twajua chaza alivyojifunga. Kifuniko cha nyuma na ukingo wa kioo vilikazwa kwa hesi, kama kifuniko cha chupa. Kichwa cha kutilia ufunguo nacho kilikazwa kwa hesi, na haki ya ubunifu huo aliinunua kwa Perregaux na Perret. Mwaka wa 1927 akampa saa hiyo mwogeleaji Mercedes Gleitze. Watu husimulia kwamba bibi huyo alivuka nayo mlango wa bahari wa Uingereza. Sivyo. Alivuka tarehe 7 Oktoba bila ya saa. Aliivaa tarehe 21, akatolewa majini kwa baridi baada ya saa zaidi ya kumi, kabla hajafika ng'ambo. Lakini saa ilikuwa ikienda.

Sasa turudi kwa fundi. Saa ya kifuniko cha kubana hufunguliwa kwa kisu kifupi butu, kikaingizwa penye mdomo mdogo uliowekwa makusudi. Kifuniko chenye mapengo kinataka ufunguo wa miguu miwili au mitatu ya kurekebishwa. Ama kifuniko cha Oyster kina meno madogo pande zote, nacho chataka ufunguo wenye meno yake na kipimo chake. Wa milimita 26 na nusu haufai penye 29 na nusu. Anayekosa ufunguo akashika patasi na nyundo atafungua, ndiyo, ila meno yatalika na hesi itapinda. Mwenye saa ataondoka akishukuru, na wiki ya pili ziwani kioo kitakuwa na ukungu. Hapo hulaumiwa saa.

Mwaka wa 1931 Wilsdorf alitoa saa inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, hata kichwa kile kisifunguliwe kila siku. Mkewe, Florence, alifariki mwaka wa 1944. (Kisumu nayo iliitwa Port Florence reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901, kwa jina la Florence mwingine, mke wa mhandisi Ronald Preston.) Hawakuwa na mtoto. Mwaka wa 1945 akaanzisha wakfu kwa jina lake, nao ndio umilikio Rolex hadi leo. Alifariki Geneva tarehe 6 Julai, 1960.