John Browning: Fundi aliyekataa kulipwa mara moja tu

Ukiona mkusanyaji wa bunduki za kale akivuta kile kishikio cha chini ya mtutu, nyuma na mbele, huenda hapo kuna mkono wa John Browning.

Jamaa alizaliwa 1855 mjini Ogden, Utah, Marekani. Babake alikuwa fundi wa bunduki, hivyo karakana ndiyo ilikuwa chuo chake. Mwaka wa 1883 kampuni ya Winchester ilinunua bunduki yake ya kwanza kwa dola 8,000.

Kisha ikaja Model 1890, aliyoibuni na nduguye Matthew. Hutumia risasi ndogo za .22, zile ambazo pini hugonga ukingo wa ganda, si katikati. Ukivuta nyuma, ganda linaruka nje. Ukisukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Ilitamba kwenye vibanda vya kulenga shabaha, na zaidi ya 800,000 zikaundwa. Wakusanyaji husoma kwanza maandishi ya mtutu, maana kila moja iliundiwa aina moja tu ya risasi.

Shida ni kuwa Winchester ilizoea kulipa mara moja, basi. Browning aliwaletea bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe, akadai mirabaha: kila ikiuzwa, naye apate chake. Wakakataa. Akabeba kazi yake hadi Ubelgiji, kampuni ya FN ikaichukua. Alifariki huko Liège 1926, akiwa kazini.

Wewe unayeuza biti au programu yako kwa malipo ya siku moja, piga hesabu tena.